Jembe la Bibi Nililoliuza kwa Chuma Chakavu

Ndugu msomaji, leo naanza kwa kuomba radhi, maana kisa nitakachokusimulia kinanihusu mimi mwenyewe, tena hakinipi sifa hata kidogo.

Sisi wakazi wa Sumbawanga tukitaka kuwapeleka watoto kwenye makumbusho, hatuna budi kutazama mbali. Vituo vya Makumbusho ya Taifa viko Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Yaliyo karibu nasi zaidi, kwa kadiri nijuavyo, ni Makumbusho ya Moto Moto, mjini Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Wakati wa likizo niliwachukua wanangu wawili, tukapita Matai na Kasesya, hata tukafika huko.

Makumbusho hayo chanzo chake ni juhudi za padre wa Kanada, Jean-Jacques Corbeil, aliyekusanya kwa miaka mingi vitu vya Wabemba na majirani zao. Miongoni mwa vitu hivyo zimo mbusa, yaani vinyago vya udongo vilivyotumika kuwafunda wasichana unyagoni. Vitu ambavyo pengine vingetupwa jalalani, leo vinahifadhiwa katika moja ya makumbusho ya taifa la Zambia.

Tukiwa mbele ya zana za kale, binti yangu wa miaka tisa aliniuliza, "Mama, na vya kwetu viko wapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekumbuka jembe la bibi.

Bibi alipofariki, mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kusafisha nyumba yake. Nyuma ya mlango nilikuta jembe kuukuu, zito, lililoliwa na kutu, nalo halikuwa na mpini. Kijana mnunuzi wa chuma chakavu akapita na mizani yake. Nikampa jembe pamoja na sufuria mbili zilizotoboka. Fedha nilizopata zilitosha kununua kilo moja ya sukari, nayo ilinywewa na waombolezaji siku ile ile.

Tuliporudi kutoka Mbala nilikwenda kwa mjomba wangu, mzee aliyepita miaka themanini, nikamweleza. Hakunikaripia. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, jembe lile lilikuwa mahari ya mama yake bibi yako. Lilitoka katika ilungu."

Kesho yake alituongoza hadi shambani kwa jirani yake. Katikati ya mahindi palikuwa na ilungu, tanuri la kuyeyushia chuma, limejengwa kwa udongo wa kichuguu. Upande mmoja umeanguka, lakini uliosalia bado unampita mtu mzima kwa kimo. Wanangu walipenyeza mikono katika matundu ya chini, na mjomba akawafundisha. Alisema kwamba wahunzi walijaza humo makaa na mtapo wa chuma, kisha wakawasha moto. Tanuri hilo halikuhitaji mivukuto, kwa kuwa urefu wake uliuvuta upepo, nao ukaingia wenyewe kwa yale matundu. Bonge la chuma lililopatikana lilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Baada ya hayo ndipo mhunzi alipofua jembe, lile lile lililofukia majani katika matuta ya intumba na kuirutubisha ardhi ya Ufipa.

Wataalamu hawakuipuuza kazi hiyo. J. A. R. Wembah-Rashid alichapisha maandishi juu ya wahunzi wa Ufipa mwaka 1969, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya udaktari, ya mwaka 1995, juu ya ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa Tanzania. Moto wa malungu ulizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalipokwisha kuenea. Hata hivyo mimi, niliyesoma hadi stashahada na ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, sikuwahi kumwuliza bibi yangu hata swali moja juu ya chuma kilichokuwa nyuma ya mlango wake.

Ndugu msomaji, nilimwuliza mwenye shamba kwa nini hakulibomoa ilungu lile apate nafasi ya matuta mawili matatu zaidi. Alinijibu kwamba baba yake alilipita kando alipokuwa akilima, naye hulipita kando. Amelizungushia miiba, mbuzi wasilipande. Mtu huyo hana cheo cha mhifadhi wala mshahara wake, lakini kama si yeye, wanangu wasingekuwa na kitu cha kuona siku ile.

Sisemi kwamba miiba inatosha. Mvua hainyeshi kwa huruma, na udongo ni udongo. Mkoa wetu unastahili nyumba ya maonyesho yake, na ni haki yetu kuidai. Lakini siku nyumba hiyo itakapofunguliwa, tutaweka nini ndani yake, ikiwa kila mmoja wetu amekwisha kuuza kwa kilo?

Nyumbani kwetu sasa pana daftari. Kila Jumapili binti yangu humwendea mjomba, huandika jina la kitu kimoja, nani alikitengeneza na kilitumikaje. Wamefika kitu cha kumi na nne. Ukurasa wa kwanza ni wa jembe la bibi. Mjomba alilichora kwa mkono unaotetemeka, na chini yake binti yangu ameandika, bila kuniuliza: "Liliuzwa na mama."

Sikumwambia afute.