Mgeni Apewe Jembe Gani?

Mwaka 1978 Mholanzi mmoja, Arnold Mühren, alitua Ipswich, mji usio mkubwa mashariki mwa Uingereza. Alikuwa kiungo wa mguu wa kushoto, mtu wa kupokea gozi, kuinua kichwa, kisha kuligawa kwa upole. Mechi za mwanzo, mojawapo dhidi ya Liverpool, gozi lenyewe hakulipata. Mabeki wa timu yake walilipiga juu hadi kwa washambuliaji, mabeki wa Liverpool wakalirudisha juu vilevile, naye yuko katikati anageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama tenisi. Butua, ndugu msomaji. Butua tupu! Mwenyewe ameeleza baadaye kwamba alimwendea kocha wake, Bobby Robson, akamwambia wazi kuwa mpira ukiendelea kupita juu ya kichwa chake, basi yeye pale hana kazi.

Hapo ndipo hadithi inaponinogea. Robson alikuwa Mwingereza wa Kiingereza hasa, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Angeweza kumwambia yule kijana kwamba hapa ndivyo tunavyocheza, ukiona vipi panda meli urudi kwenu. Hakusema hivyo. Aliwaamuru mabeki wampe Mholanzi mpira mguuni, kisha mwaka 1979 akaenda kumchukua Mholanzi wa pili, Frans Thijssen, amweke karibu naye. Mwaka 1981 Ipswich wakabeba Kombe la UEFA, na waandishi wa habari za michezo wa Uingereza wakamchagua Thijssen kuwa mchezaji bora wa mwaka.

Nilimsimulia baba mdogo habari hii, yeye akiwa ni mtu wa Yanga tangu utoto na mjuzi wa kila jambo. Akanikatiza. "Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukienda kwa watu, lima kama wanavyolima."

"Lakini baba, ipo pia ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Hiyo," akasema, "ni ya mgeni aliyekuja na samaki."

Nikacheka, lakini neno lake limeniganda. Maana ugomvi wote wa wanasoka wa kigeni na makocha wa Kiingereza uko katika maneno hayo mawili, na Waingereza kwa miaka mingi walikuwa na jembe moja tu. Mgeni akishindwa kulishika walisema ni mvivu, ana hasira, au anaogopa baridi na matope. Mimi nasema hapana. Mara nyingi ugomvi ulihusu jambo la msingi kabisa: mpira ni kitu cha kukaa nacho, au ni kitu cha kukitupa mbali na lango lako haraka iwezekanavyo?

Na wasidhani ni ushamba tu. Butua la Kiingereza lilikuwa na hesabu zake. Palikuwa na bwana mmoja, Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga, ambaye mwaka 1950 alianza kwenda viwanjani na penseli na daftari, anahesabu pasi. Miaka mingi akahesabu. Akagundua kwamba takriban magoli 8 katika kila 10 yalitokana na pasi 3 au chini ya hapo. Basi, hukumu ikatoka: pasi nyingi ni kupoteza muda, piga mbele! Sasa hebu tulia nawe uhesabu. Daftari hilohilo la Reep linaonyesha kwamba mashambulizi zaidi ya 9 katika kila 10 yalikuwa ya pasi 3 au pungufu. Yaani mashambulizi mafupi yalikuwa mengi kuliko fungu lake la magoli, na yale marefu machache yalizaa zaidi ya fungu lake. Mzee wa watu alikuwa ameshika jibu mkononi, akalisoma kichwa chini miguu juu! Fikra kama hizo zikaingia mpaka katika mafunzo ya ukocha ya FA, chini ya Charles Hughes, na huko makocha chungu nzima wakafundwa.

Hili linanigusa kwa sababu nami nilikuwa kiungo, mfupi, wa timu ya mtaa, na kocha wetu alikuwa na neno moja: "Butua!" Ukiugandisha mpira sekunde mbili unatolewa. Nilikaa benchi msimu mzima nikihesabu mawingu. Lakini kocha yule alitununulia maji kwa hela yake, na mwenzetu alipovunjika mguu ni yeye aliyembeba mgongoni hadi hospitali. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana washikaji zangu wa kikundi cha uandishi wanaponitaka kocha wa Kizungu katika riwaya yangu awe zimwi lenye uso mwekundu, nakataa. Zimwi halinifundishi kitu.

Mtazame Eric Cantona. Mwanzoni mwa 1992 alifika Sheffield Wednesday. Kulikuwa na barafu, wakamwona akicheza ndani kwenye zulia la plastiki tu, wakamwomba akae zaidi wamjaribu vizuri. Mtu ambaye keshavaa jezi ya taifa la Ufaransa! Akaondoka zake akaenda Leeds. Leeds wakatwaa ubingwa msimu uleule, kisha mambo yakaharibika. Kocha Howard Wilkinson alikuwa mtu wa mpango na ratiba, na Cantona hakuwa mtu wa kukaa ndani ya ratiba ya mwingine. Akawekwa nje. Novemba 1992 akauzwa Manchester United kwa pauni milioni 1.2, bei ya kutupa.

Alex Ferguson, ambaye kwa ukali hana mshindani, alifanya nini? Baada ya mazoezi Cantona aliomba abaki na mtu wa kumpigia krosi na kipa mmoja, apige mashuti. Ferguson akamwachia. Vijana wa timu wakaona, nao wakaanza kubaki. Kumbe yule aliyesemwa hafundishiki alikuwa anafanya mazoezi kuliko wenyeji! United walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1967; wakauchukua 1993, 1994, 1996 na 1997. Najua, mwaka 1995 alimrukia shabiki kwa teke pale Selhurst Park akafungiwa miezi minane. Sisemi alikuwa malaika. Na Wilkinson? Hadi leo naandika, baada yake hakuna kocha Mwingereza aliyeuchukua tena ubingwa wa nchi yake.

Kwa haki, nimpe na kocha nafasi yake. Georgi Kinkladze wa Georgia alipokuwa Manchester City kuanzia 1995, watu walilipa kiingilio wamwone yeye tu. Anachukua gozi katikati, anapita watu kama anapita nguzo. City wakashuka daraja 1996, wakashuka tena 1998. Joe Royle, aliyeikuta timu inazama, alimwona kuwa ni anasa asiyoweza kuimudu: wenzake wanakimbia kukaba, yeye anangoja. Akauzwa Ajax. Nimezitazama chenga zake kwenye simu usiku kucha, wallahi nampenda, lakini ningekuwa Royle sijui ningefanya nini. Jembe la kukaba nalo ni jembe.

Halafu mwaka 1996 mambo yakapinduka: akaja mgeni ambaye yeye ndiye mwenye kugawa majembe. Arsène Wenger alitokea Japani kuja Arsenal, magazeti yakauliza huyu ni nani. Akakuta mabeki wa Kiingereza waliolelewa kwa nyama, chipsi, chokoleti na bia. Akaleta kuku wa kuchemsha na mboga, mazoezi ya kunyoosha viungo, na saa mkononi ya kupima kila zoezi. Wachezaji wakaimba kwenye basi kudai chokoleti zao! Lakini hakuwafukuza wale mabeki wazee. Akawaambia kwamba na wao wanaweza kucheza. Mei 1998, dhidi ya Everton, Steve Bould, beki, alimwinulia mpira Tony Adams, beki mwenzake, naye akafunga goli la nne siku ya kutwaa ubingwa. Watu wawili walioitwa magogo. Hapo ndipo nilipomrudia baba mdogo nikamwambia mwenyeji keshapona. Akaniuliza kama kuku wa kuchemsha ana ladha.

Mwaka 2020 Mbwana Samatta wetu alipoingia Aston Villa, mtaa mzima tulijazana kibandani. Alifunga dhidi ya Bournemouth, akafunga kwa kichwa pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mechi nyingine alikuwa anakimbia tu, anakimbia, anakata huku, anarudi, na sisi tunapiga kelele kwenye skrini, "Mpeni mpira jamani!" Septemba akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe, Uturuki. Mzee mwenye kibanda akazima televisheni akasema mtoto hakupewa muda. Jamaa mmoja akajibu kuwa Ulaya si kwa mama yako. Wakabishana mpaka umeme ukakatika.

Riwaya yangu imesimama sura ya saba. Kijana wangu wa Temeke amekaa mbele ya kocha, mvua ya Kiingereza inapiga dirisha, viatu vinavuja. Kocha ana daftari na penseli. Nimemwandikia swali moja, nikalifuta mara nne, na jana nimelirudisha: anamuuliza mpira autake wapi, mguuni au mbele yake. Kijana hajawahi kuulizwa hivyo na kocha yeyote. Anaitazama ile penseli.