Akiba Yenye Kwato: Mfugaji wa Isiolo na Bei ya Bima

Akiba haiozi, walisema wahenga, na yumkini waliosema hivyo walikuwa wakulima wenye maghala. Mfugaji wa Isiolo akiisikia methali hiyo huguna. Akiba yake ina kwato. Hula majani, hunywa maji, na mvua ikikosekana huoza mbele ya macho yake. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo kaskazini mwa Kenya pasipo mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa nchini. Huko Garbatulla, Merti na Sericho, mizoga ilikauka kandokando ya njia za kwendea visimani, na watu walioitwa matajiri mwaka mmoja wakapanga foleni ya chakula cha msaada mwaka uliofuata.

Na uchukuliwe mfano wa mzee mmoja wa Garbatulla, wa aina ya wazee walio wengi huko. Alikuwa na ng'ombe arobaini. Ukame ulipokwisha akabakiwa na saba. Kila mwaka, mwezi wa Januari na tena mwezi wa Agosti, wakala wa bima ya mifugo humpitia. Wakala huyo ni binti aliyesoma mjini, lakini nyumbani kwao ni hapo hapo, na mzee anamjua babaye.

"Baba, huu ndio wakati," binti humwambia. "Mvua ikishaanza, mlango unafungwa."

"Mwanangu, ng'ombe wangu wakifa, utakuja kuwahesabu?"

"Hahesabu mtu, Baba. Setilaiti huyatazama majani ya eneo zima. Yakipungua kupita kiwango, wote wenye bima hulipwa, hata yule ambaye ng'ombe wake wako hai."

"Na majani yakiwapo kwa jirani, wangu wakafa kwa njaa?"

Binti hunyamaza kidogo. "Hapo hulipwi, Baba."

Mazungumzo hayo mafupi yamebeba kiini cha jambo lote. Bima ya aina hii ilianza kuuzwa Marsabit Januari 2010 chini ya uongozi wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao yake Nairobi, kisha ikaingia Isiolo na Wajir mwaka 2013. Sababu ya kuibuni ni ya kueleweka. Kumtuma mkaguzi akahesabu mizoga kutoka Oldonyiro hadi Modogashe kungegharimu fedha nyingi kuliko fidia yenyewe. Kwa hiyo badala ya kumtazama mnyama, kampuni hutazama ukijani wa nchi kutoka angani, huulinganisha na wa miaka iliyopita, na hulipa ukishuka chini ya mpaka uliowekwa. Huo ni ujanja mzuri. Hata hivyo, setilaiti haijui kutofautisha nyasi na mathenge, mti wa miiba unaobaki kijani huku ng'ombe wakikonda chini yake. Haioni ugonjwa, haioni wezi wa mifugo, wala haioni mafuriko kama yale ya mwishoni mwa 2023, yaliyokuja baada ya ukame na kusomba mbuzi wachache waliosalia. Kwa macho ya setilaiti, mwaka wa mafuriko ni mwaka wa neema, maana nchi imejaa majani.

Ndipo linapokuja suala la bei. Marsabit mwaka 2010 ng'ombe mmoja alikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 15,000, na katika sehemu kavu zaidi mfugaji alitozwa asilimia 5.5 ya thamani hiyo kwa mwaka, hata baada ya wafadhili kubeba sehemu ya gharama. Kwa ng'ombe watano hesabu hiyo ni shilingi 4,125. Mtu wa mshahara aweza kuiona ndogo. Kwa mfugaji ni lazima auze mbuzi, tena auze wakati mbaya kuliko wote. Bima hununuliwa kabla ya mvua, yaani mwishoni mwa kiangazi, pindi mbuzi wamekonda na bei sokoni imeanguka. Anadaiwa ada siku ambayo mkono wake ni mtupu. Akilipa, mvua ikanyesha, fedha haimrudii. Mzee wa Garbatulla hulitaja jambo hili kwa uchungu: akimpa jirani mtamba, hata kama hatauhitaji msaada wa jirani mwaka huu, deni la wema linabaki. Akiipa kampuni, mwaka ukiisha hakuna anayekumbuka kwamba alitoa.

Ikumbukwe kwamba watu hawa hawakuwa bila bima kabla ya kampuni kuja. Waborana wanayo *busa gonofa*, utaratibu ambao jamaa wa ukoo humchangia mifugo mwenzao aliyefilisika ili asimame tena. Wanao pia utaratibu wa *dabare*, wa kumkopesha mtu ng'ombe ili akamue na kulea watoto. Ada yake hulipwa kwa wanyama, na mkaguzi wake ni baraza la wazee linalomjua kila mtu kwa jina. Lakini haifai kuipamba kupita kiasi. Busa gonofa humfaa mmoja aliyeanguka miongoni mwa wengi waliosimama. Wakati wa vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, familia za Isiolo zilifungiwa kambini na mifugo yao ikaangamia kwa pamoja; hapakuwa na wa kumchangia mwenzake. Misimu mitano ya ukame ilileta hali kama hiyo. Janga linapowakumba wote kwa siku moja, wema wa jirani haupungui. Kinachokosekana ni ng'ombe wa kutoa.

Udhaifu huo huo ndio unaoipandisha bei ya bima ya kisasa. Moto huunguza nyumba moja, na wenye nyumba elfu wasioungua humlipia. Ukame huwafikia wateja wote wa wilaya kwa pamoja, na kampuni hulazimika kukimbilia kampuni kubwa zaidi za ng'ambo zinazoikatia bima, nazo hutoza kwa kadiri ya hofu yao. Mtu asidhani kwamba haya ni ya Isiolo peke yake. Katika jimbo la Florida, Marekani, kimbunga Andrew cha Agosti 1992 kilizifilisi kampuni kadhaa za bima kwa mpigo. Mwaka 2002 serikali ya jimbo iliunda shirika lake la kuwakatia bima waliokataliwa kwingine, na tangu hapo, hasa baada ya kimbunga Ian cha 2022, wenye nyumba wamekuwa wakilalamika kwamba ada inapanda kuliko mapato yao. Tofauti ni moja. Mwenye nyumba wa Florida aliyekopa benki hulazimishwa kuwa na bima. Akinung'unika, hunung'unika huku akilipa. Mfugaji wa Garbatulla halazimishwi na mtu. Bei ikimshinda, yeye huondoka kimya, na hakuna mahali panapoandikwa kwamba ameondoka.

Serikali ya Kenya ilijaribu kuliziba pengo hilo. Oktoba 2015 ilianzisha mpango wa kuwalipia wafugaji maskini ada yote, kwa wanyama wenye thamani ya ng'ombe watano kwa kila kaya. Mpango ulianza Turkana na Wajir, ukafika Isiolo, na mapema mwaka 2017 kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita, Isiolo ikiwamo, zilitengewa zaidi ya shilingi milioni 200. Mpango ule ulipokoma, mradi mwingine uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2022 ukaja na sharti jipya: serikali ichangie sehemu, na mfugaji achangie yake. Wachumi husema ndivyo inavyofaa, kwa kuwa kitu cha bure hakijengi soko. Lakini kwa mzee aliyepewa jana bila malipo, ada ya leo, hata ikiwa ndogo, ni bei iliyopanda kutoka sufuri. Hajaelezwa kwa nini.

Je, bima yenyewe haina faida? La hasha. Watafiti waliozifuatilia kaya za Marsabit baada ya malipo ya kwanza ya Oktoba 2011 walikuta kwamba waliolipwa hawakulazimika kuuza mifugo au kupunguza milo kwa kiwango cha wasiokuwa na bima. Kitu kinachompa mtoto mlo wa jioni mwaka wa njaa si cha kubezwa. Tatizo ni kwamba mfugaji anaombwa kukiamini kitu asichokiona, kwa lugha asiyoisoma.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoulizwa swali. Neno *bima* lilitujia kutoka Bara Hindi na limezoeleka. *Fidia* na *dhamana* zilitoka Uarabuni, nazo hazimsumbui mtu. Waislamu wengi wa Isiolo, waliokuwa wakiishuku bima ya kawaida kwa sababu za dini, walilielewa upesi neno *takaful*, kwa kuwa ndani yake mna maana ya watu kudhaminiana, na kudhaminiana wanakujua. Lakini pale mkataba unapotafsiriwa na kuitwa "bima ya faharasa", msomaji hubaki njia panda. Faharasa kwake, ikiwa aliwahi kufika shule, ni orodha ya mwishoni mwa kitabu. Neno hilo halimwambii kwamba ng'ombe wake anaweza kufa asilipwe. Binti wakala alilisema kwa maneno matatu, "Hapo hulipwi, Baba," na tafsiri ile ndefu ya ofisini haikulisema popote.

Mwishowe mzee yule huamua kama wengi wanavyoamua. Huuza mbuzi wawili, hukata bima ya ng'ombe wawili kati ya saba, na mtamba mmoja humpeleka kwa mpwawe aliyepoteza wote. Wanne waliobaki huwaachia Mungu na mvua. Mtaalamu wa bima atasema amekata kidogo mno. Wazee wa ukoo watasema amegawa vyema. Naye, akimtia binti shilingi mkononi, huomba jambo moja tu: asomewe karatasi yote kabla hajatia kidole chake kwenye wino, tena asomewe taratibu.