Mti Ulioanguka Njia ya Sanje

Tangazo la Baba liliingia kwenye kundi la WhatsApp la familia saa kumi na moja alfajiri, likiwa na orodha: raba zenye meno, koti la mvua, soksi ndefu za kuzuia siafu. Wikiendi ya Pasaka angewapeleka binti zake watatu kupanda milima ya Udzungwa hadi maporomoko ya Sanje. Dada alikuwa anaolewa Juni. "Kabla hajaondoka mtu," aliandika, na hakufafanua. Baba ni mwalimu wa hesabu. Darasani jibu lisilo na njia halipati maksi, lakini kwa mambo ya moyo yeye mwenyewe huandika jibu tu.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nikihangaika na sura ya pili ya tasnifu ambayo haikutaka kuisha. Nikaifunga kompyuta, nikawafuata Morogoro. Ukifika Mikumi unaiacha barabara kuu, unapita Kidatu, miwa inakuzunguka, kisha milima inasimama upande wako wa kulia kama mtu aliyeinuka ghafla kutoka kwenye kiti. Mang'ula iko chini yake. Baba alizaliwa pale, akasomea pale, na hadi Pasaka ile alikuwa hajawahi kupanda.

Msitu ulikuwa wa wanawake. Wavulana walichunga, walicheza mpira; walioingia msituni ni Bibi na shangazi zangu, wakatoka na kuni kichwani. Bibi alikuwa akiuza maandazi. Ada ya Baba ilitoka kwenye maandazi hayo, na maandazi yaliiva kwa kuni za mlima ule. Wakati huo ulikuwa bado hifadhi ya misitu. Ilipoanzishwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, wanawake wa vijiji vya pembezoni waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Siku hizi Bibi anapikia pumba za mpunga, na mkaa wa kununua wageni wakija.

Getini tulilipa kiingilio cha raia. Baba alimwambia binti aliyekuwa dirishani, "Mama yangu alikuwa anaingia humu kila wiki."

"Alikuwa mfanyakazi wetu, mzee?"

"Alikuwa anaokota kuni."

Binti akacheka kwa adabu, akatupa risiti.

Udzungwa haina barabara za kuzungukia kwa gari kama Mikumi. Ina kilomita za mraba 1,990, na ukitaka kuiona unatembea. Njia ya Sanje inaanza taratibu, halafu inakusahau. Masika yalikuwa yameanza; udongo uliteleza kama sabuni, na mvua ilikuwa ikiendelea kudondoka kutoka kwenye majani nusu saa baada ya kukatika angani. Dada, ambaye ofisini kwake hata ngazi hapandi, alitangulia na mwongoza watalii. Mdogo wetu, wa miaka kumi na mbili, aliuliza maswali yote. Mimi nilikaa nyuma na Baba, ambaye alidai anasimama ili asikilize ndege.

Mwongozaji alikuwa kijana wa hapo hapo, na kazi yake aliijua. Alituonyesha mbega wekundu wanaopatikana milima hii na misitu jirani tu. Alitueleza pia habari za ngolaga wa Sanje, nyani mdogo ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979.

"Kabla ya hapo alikuwa wapi?" mdogo wetu akauliza.

"Hapa hapa. Wazee walikuwa wanamjua."

Baba akasema mama yake alikuwa anamwiga sauti, watoto wakigoma kulala.

Karibu na kijito cha pili tulikuta mti umeanguka kando ya njia. Ulikuwa mkubwa, umekauka, umepauka, na upande mmoja uyoga umeanza kuota. Mdogo wetu akaupanda kama farasi. Mwongozaji alieleza kwa nini hauguswi: wadudu wanaishi ndani yake, ndege wanawafuata wadudu, na ukishaoza unakuwa udongo unaoshika maji ya mvua hadi kiangazi. Maji ya bomba ya vijiji vya chini yanatoka kwenye vijito hivi. Niliamini kila neno, na bado naamini. Baba aliugonga mti kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio, akagonga tena mbele kidogo. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo, lakini mkono wake haukusita.

Maporomoko yana urefu wa mita 170, na picha zangu zote hazina maana. Chini yake kuna bwawa la maji baridi kiasi cha kukukata pumzi. Dada aliingia na nguo zake, akapiga kelele ambazo bwana harusi hajawahi kuzisikia. Baba hajui kuogelea. Alikunja suruali, akasimama maji yakimfika magotini, akatushikia viatu. Juu zaidi, bonde la Kilombero lilikuwa limetandazwa lote, miwa na mpunga hadi macho yanapoishia, na yeye alitafuta paa la mama yake muda mrefu. Kwa umbali ule lisingeweza kuonekana. Hakuna aliyemwambia.

Jioni tulimkuta Bibi barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wake wenzangu. Mmelipa hela kwenda kuchoka. Haya, mmeona nini?"

Dada akaeleza maporomoko. Bibi alitikisa kichwa kwa heshima. Nikaeleza mbega. Mdogo wetu akasema ameona mti umeanguka, akaupanda.

"Mkavu?"

"Mkavu."

"Mnene kiasi gani?"

Mdogo wetu alinyoosha mikono akaizungusha hewani, ikashindwa kukutana. Bibi akamgeukia Baba.

"Uliugonga?"

"Niligonga."

"Unaliaje?"

Baba akagonga ubao wa dirisha mara moja, kwa kifundo. Bibi akafumba macho, midomo ikihesabu bila sauti.

"Hiyo ni mizigo thelathini," akasema. "Thelathini na tano, ukiwa na wasichana wa kusaidia." Kisha akatuangalia sisi watatu, mmoja mmoja, shingo zetu.