Watano wa Musoma

Nina selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita mitaani, na nina shahada ya baiolojia. Kuna watu waliowahi kuniambia nichague kimoja: uzima au chuo. Kama unasoma haya ukiwa umeahirisha masomo, au uko wodini na madaftari chini ya mto, nakuandikia wewe hasa. Wengine karibuni pia.

Nimezaliwa Musoma. Ugonjwa uligundulika nikiwa mdogo, vidole vya mikono na miguu vilipovimba vyote kwa pamoja. Majirani walisema yao, mama akaamini maabara. Shule nilisoma kwa kukatikakatika, wiki darasani, wiki kitandani, lakini mitihani Mungu alinivusha. Nilipomaliza kidato cha sita, tahasusi ya CBG, na kupata nafasi ya chuo Dar es Salaam, shangazi alimwambia baba waziwazi kwamba mtoto huyu asipelekwe mbali. Baba alinyamaza siku nzima. Jioni akasema, "Atakwenda."

Nilichagua baiolojia kwa sababu nilitaka kumjua adui yangu kwa jina na ukoo. Na mwaka wa kwanza nilimjua. Katika protini ya himoglobini asidi amino moja imebadilika, nafasi ya sita: palipotakiwa glutamiki pamekaa valini. Hilo tu. Kwa kosa hilo dogo chembe nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba njia ya damu. Chembe za mtu mzima wa afya huishi siku zipatazo 120. Zangu, 10 hadi 20. Ilinishangaza, lakini haikuniumiza. Bumu lilikuwa linaingia, maabara nilizipenda, na chumbani nilikuwa na mwenzangu mmoja kutoka Mbeya aliyekuwa akinijazia chupa ya maji hata kabla sijaomba.

Mwaka wa pili ndio tukafika kwenye jenetiki.

Siku moja mwalimu aliandika jedwali ubaoni, takwimu zilizokusanywa wilaya ya Musoma na kuchapishwa miaka ya 1950 na daktari Anthony Allison, yule aliyekulia Kenya, aliyeonyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Nilipoona neno Musoma nilitabasamu. Nani hafurahi kuona kwao ubaoni? Watoto wachanga walikuwa 287. Waliorithi jeni zote mbili, wagonjwa kama mimi, walikuwa 9. Ukipiga hesabu ya Hardy na Weinberg unatarajia wapatao 10, kwa hiyo hapo mambo yako sawa. Kisha watu wazima, 654. Hesabu inasema wagonjwa wawe kama 26. Walikuwa 5.

Mwalimu akauliza, "Wengine wamekwenda wapi?"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, kama watoto wa shule ya msingi: "Wamekufa!"

Jibu lilikuwa sahihi. Mwalimu alifurahi, akaendelea. Wazazi wangu wote wawili, kila mmoja na jeni moja, walikuwa watu wa ile safu ya katikati ya jedwali, kama wale watu wazima 249 ambao malaria iliwaogopa. Mimi nilikuwa malipo ya kinga yao. Niliandika kila kitu kwenye daftari. Mwandiko wa ukurasa ule hauonekani kuwa wangu.

Tangu siku hiyo usingizi ulipungua. Masika yalikuwa yameanza, mitihani ya mwisho wa muhula imekaribia, na maji hosteli yalikuwa yakikatika mara kwa mara. Tulikuwa tukidesa hadi usiku wa manane. Mtu mwenye ugonjwa wangu anajua: baridi, kiu na uchovu vikikutana, jiandae.

Ilianza kwenye paja. Kisha mgongo. Nikameza dawa. Haikusaidia. Saa nane usiku ikapanda kifuani. Nikivuta pumzi haiingii yote. Inaingia nusu. Kisha robo. Mwenzangu aliwasha taa. Aliniangalia usoni, akatoka mbio. Nakumbuka bajaji. Nakumbuka mvua. Kisha mtungi wa oksijeni.

Daktari alisema ni kifua, chembe zimeziba mapafu. Alisema na mengine. Sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu. Watano kati ya 654. Navuta. Watano kati ya 654. Natoa. Kitanda cha jirani kilikuwa na mtu jioni. Alfajiri hakikuwa na mtu. Sikuuliza. Niliogopa kulala. Niliona nikilala tu nitahamia kwa wale wengine, wale ambao darasa lilishajua walikokwenda. Nilijaribu kusali, maneno hayakuja. Nilisema "Mungu" tu. "Mungu." Hata sasa nikisikia mvua ya usiku kwenye bati, nakaa kitandani na kupima pumzi yangu kwanza kama inaingia yote.

Mama alipigiwa simu, akapanda basi la asubuhi kutoka Musoma. Njia ni ndefu, alifika usiku mwingi. Aliingia na chupa ya uji, khanga mbili na rozari. Hakulia mbele yangu. Alianza kunikanda miguu kama alivyokuwa akinikanda utotoni.

Nilihitaji kuongezewa damu, na ndugu waliombwa waje kuchangia. Ndugu zangu walikuwa upande mwingine wa nchi. Mwenzangu wa chumbani akaandika kwenye kundi la darasa, na ndipo darasa lilipojua kwa mara ya kwanza kwamba nina nini. Walikuja kwa daladala, wengi kuliko waliohitajika, mitihani ikiwa mlangoni. Wengine hata majina yao sikuyajua. Ndio wale wale waliojibu "Wamekufa!" Mmoja alisimama miguuni pa kitanda, akashindwa kusema chochote, akaniachia desa lake la jenetiki. Nadhani alikuwa akiomba radhi. Hakuwa na kosa lolote.

Nilipoanza kuzungumza vizuri nilimweleza mama habari ya lile jedwali. Nilitaka alielewe, labda nilitaka aogope nami. Alisikiliza huku akimenya chungwa.

"Na hao watano?" akauliza.

"Hao watano wana nini, mama?"

"Walikuwa wanakula nini?"

Nilicheka, na kifua kikauma. Yeye hakuwa akitania. Alitaka kujua walilala wapi, nani aliwatekea maji, nani aliwafunika baridi ya ziwani, enzi zile bila kliniki. Mimi nilikuwa nimewatazama wale 21 waliokosekana, tena kwa majuma. Wale watano sikuwahi kuwawazia hata dakika moja.

Mitihani ilinipita. Niliahirisha mwaka nikarudi nyumbani, na huko nako kulikuwa na mateso yake. Wenzangu walipanda mwaka wa tatu. Mtaani ikasemekana nimedisko. Dada yangu alikuwa akinisindikiza kliniki, akigombana kwa niaba yangu na kila aliyeuliza maswali ya kijinga. Kliniki nilianzishiwa haidroksiurea pamoja na vidonge vya foliki. Dawa hiyo huamsha ile himoglobini tunayokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo huzuia chembe kujikunja. Haiponyi, na lazima damu ipimwe mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue kwa kuambiwa na mtu kama mimi, muulize daktari wako. Kwangu maumivu yalipungua sana. Namshukuru Mungu kwa dawa kama ninavyomshukuru kwa mama.

Niliporudi chuoni nilimfuata yule mwalimu wa jenetiki ofisini nikamwambia ninachougua. Alivua miwani, akakaa kimya muda mrefu. Hakunihubiria. Aliuliza nahitaji nini. Nikamwambia maji, maana maabara hairuhusu chupa. Kuanzia hapo katika kila kipindi cha vitendo nilikuwa natoka nje, nakunywa, narudi kwenye hadubini yangu, na msimamizi haulizi. Nilimaliza mwaka mmoja baada ya wenzangu, na baadhi yao walirudi siku ya mahafali kunipigia vigelegele. Shangazi alikuja na kuku.

Sasa nafundisha baiolojia sekondari, kanda ya ziwa. Kipupwe cha Juni bado nakiogopa, navaa soksi mbili na wanafunzi wananicheka. Kidato cha tatu kuna binti mwenye macho ya manjano ambaye hukosa shule kama nilivyokuwa nikikosa mimi. Nilimwombea ruhusa ya kukaa na chupa ya maji darasani na kutoka kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Mwalimu wa nidhamu alikataa, akisema wote watataka. Nikamkalisha ofisini nikamchorea chembe ya damu. Ruhusa imetoka.