Kigari cha Mapacha Kwenye Mchanga wa Mpanda

Mama akijaaliwa mtoto mmoja, mgongo wake na kanga moja humtosha. Akijaaliwa wawili kwa pamoja hesabu hubadilika: mmoja atakaa mgongoni, na wa pili atahitaji mgongo mwingine. Hapa Mpanda, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mkoa wetu wa Katavi, mgongo huo mwingine kwa kawaida hutafutwa kwa binti mdogo wa ukoo, anayeletwa mjini "kumsaidia shangazi". Makala haya yanahusu kigari cha kusukuma watoto, chombo ambacho wengi wetu tumekizoea kwenye picha za nchi za watu. Lakini kwangu suala la kigari haliwezi kutenganishwa na suala la binti yule.

Wanangu Hassan na Hussein, ambao majirani zetu Wasukuma wanawaita Kulwa na Doto bila kutuomba ruhusa, walizaliwa kwa upasuaji baada ya shinikizo langu la damu kupanda katika mwezi wa nane wa ujauzito. Alhamdulillah, sote watatu tulisalimika. Nilirejea nyumbani na mshono, vidonge, na maelekezo mawili ambayo kwa mama wa mapacha yalikuwa yakipingana. La kwanza, nisinyanyue mzigo mzito mpaka kidonda kipone. La pili, nikishapona na kuruhusiwa, nianze kutembea kwa kasi kila siku na hatimaye nikimbie polepole, kwa sababu mwanamke aliyepatwa na shinikizo la namna ile katika ujauzito huwa na hatari kubwa kuliko wenzake ya kupata maradhi ya moyo na kiharusi miaka ya mbele. Mume wangu ni dereva wa lori. Juma moja yuko Tabora, juma jingine Kigoma. Je, watoto wangebaki na nani?

Ukoo ulikuwa na jibu tayari. Kulikuwa na binti wa miaka 13 upande wa Mpimbwe, darasa la sita, mpole na mwenye nguvu. Aje ambebe Doto. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Wengi wa waliosema walilelewa hivyo, nao walilea hivyo. Hata hivyo tunajua mkondo wa mambo haya unavyokwenda. Binti huacha shule kwa muda, muda huwa mwaka, mwaka huwa ndoa au mimba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 uliuweka mkoa wa Katavi katika nafasi ya kwanza nchini kwa jambo lisilo la kujivunia: asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na ujauzito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kumwita mwajiriwa "mjukuu" hakubadilishi kazi anayoifanya. Mtoto wa mwenzio ni amana hata kama mwenyewe amekukabidhi kwa mikono miwili. Mume wangu alitafakari siku mbili, kisha akapiga simu kutoka njiani: "Binti abaki shule. Sisi tutafute magurudumu." Mwaka huu yuko kidato cha pili.

Magurudumu gani, basi? Hilo ndilo swali ambalo akina mama wengi wamekuwa wakiniuliza tangu wanione nikipita, na ninalijibu hapa kwa urefu.

Jirani mmoja alituazima kigari kidogo cha kukunja, cha magurudumu mengi madogo ya plastiki. Aina hiyo ina historia yenye heshima. Iliasisiwa na Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyeshiriki kubuni miguu ya kutulia ya ndege ya kivita Spitfire, ambaye mwaka 1965 alibuni kigari chepesi cha aluminiamu kinachokunjika kama mwavuli. Ni chombo cha viwanja vya ndege na njia zilizosakafiwa. Kwenye uchochoro wetu hakikufika hata msikitini: magurudumu yalizama kwenye mchanga, kigari kikawa kinaburutwa badala ya kusukumwa, na penye changarawe watoto wakatikiswa kama mahindi kwenye ungo. Sababu yake si ngumu kuielewa. Gurudumu dogo likikutana na shimo huingia lote. Kubwa hupita juu yake. Likikutana na jiwe, dogo hugonga na kusimama, kubwa hupanda. Ndiyo maana baiskeli ya mzigo hufika Mwamkulu na gunia la mpunga, na sanduku lenye vigurudumu la msafiri hushindwa kutoka stendi.

Dawa ya ardhi kama yetu ilipatikana kwa mtu ambaye shida yake ilikuwa mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Phil Baechler wa mji wa Yakima, alitaka kukimbia pamoja na mwanawe mchanga. Alichukua kigari cha kawaida akakifunga magurudumu ya baiskeli, na kutokana na jaribio hilo ukazaliwa ukoo mzima wa vigari vya magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, moja mbele, yote ya matairi ya upepo. Kigari kinachofaa kwa mkimbiaji ndicho kinachofaa kwa barabara ya vumbi, kwani vyote viwili vinataka jambo lile lile: mtoto asitikisike na chombo kisiyumbe.

Chetu kilitoka kwenye mitumba ya Dar es Salaam, kikaja juu ya basi. Tulilipa shilingi 260,000 pamoja na usafiri. Ni fedha nyingi, na kwa mwezi ule ilikuwa hesabu chungu, maana watoto wa kiume wawili ni mbuzi wanne wa akika. (Mbuzi walichinjwa kwa awamu.) Shemeji yangu, aliyekwenda kutununulia, alipewa na fundi baiskeli wetu wa Makanyagio orodha ya mambo ya kukagua, na ninaamini orodha ile ilituokoa kuliko fedha zenyewe.

Kwanza alitakiwa asome ukubwa wa tairi ulioandikwa ubavuni. Akichukua inchi 12 au 16, tyubu zake ni zile za baiskeli za watoto zinazopatikana Mpanda. Akichukua ukubwa wa ajabu, tairi likipasuka kigari kinakuwa kiti cha sebuleni. Pili, aangalie gurudumu la mbele. Katika vigari vya aina hii vilivyo bora, gurudumu hilo huzunguka huku na huku kwa matembezi ya taratibu, na lina kizuizi cha kulifunga liangalie mbele tu wakati wa kukimbia. Lisipofungwa, kijiwe kidogo kinatosha kuligeuza ghafla na kukipindua kigari. Vilevile gurudumu linalochomolewa kwa kishikizo cha kufungua haraka linataka jicho kali: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani iliishtaki kampuni moja kubwa kwa sababu magurudumu ya mbele ya vigari vyake yalikuwa yakichomoka kigari kikiwa katika mwendo, na watoto na wazazi wakaumia. Vitu vya huko vikichakaa au kukataliwa, mitumba huvileta kwetu bila maelezo. Fundi wetu alipokipokea chetu aliibana nati upya kwa spana, na mimi hulitikisa gurudumu lile kila asubuhi kabla watoto hawajapanda.

Mikanda ndiyo iliyofuata. Mkanda wa kiuno peke yake hautoshi. Unatakiwa upite mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na kifungio kishike kwa mlio. Kisha breki ya kuegesha, ijaribiwe kwenye mteremko kikiwa na mzigo wa kilo 20, si dukani kwenye sakafu. Mwisho upana. Kigari cha mapacha wa kukaa ubavu kwa ubavu ni kipana, na nyumba nyingi zetu milango yake haikujengwa kwa matarajio hayo. Nilipima wa kwetu kwa futi ya fundi cherehani nikamtumia shemeji kipimo kwa simu. Rangi, kishikio cha kikombe na vikorombwezo vingine havikuulizwa.

Kuwa nacho hakukuwa ruhusa ya kukimbia nacho. Shingo ya mtoto mchanga haihimili mtikiso wa mbio, na ushauri unaotolewa na watengenezaji pamoja na wataalamu wa watoto ni kusubiri angalau miezi sita hadi minane, mtoto awe anashika shingo barabara na kukaa mwenyewe. Wanangu walizaliwa kabla ya siku zao, hivyo muuguzi wa kliniki alinielekeza nihesabu kuanzia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa na siyo waliyozaliwa. Miezi ile yote nilitembea tu, kiti kikiwa kimelazwa. Kwenda kliniki Kashaulili na kurudi, watoto wawili, kadi mbili, mkoba mmoja, na mikono yangu haikufa ganzi. Kwa mwenye mshono usiotimiza mwaka, hiyo peke yake ilikuwa neema kubwa.

Sasa tunakimbia. Tunatoka wanawake watatu baada ya Alfajiri, kunapopambazuka vizuri, maana huku magharibi jua hukawia. Saa moja kasoro tuko kandokando ya barabara, na kabla ya saa mbili tumerudi. Kuna kamba fupi iliyofungwa kwenye fremu, nayo huizungusha kwenye kifundo cha mkono: nikijikwaa, kigari hakiniachi kikateremka peke yake. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee kwa Mola wake, na sioni kwa nini elimu hiyo ibaki kwa ngamia. Nguo ni suruali pana na gauni lisilofika kwenye visigino, na mtandio umebanwa. Baibui linaloburura ni hatari ya kweli, maana pindo likiingia kwenye spoku mama na watoto wanakwenda chini pamoja. Kivuli cha kigari hakifunikwi kwa kanga nzito hata jua likiwa kali, hasa Oktoba, kwa kuwa joto hunasa ndani na mtoto hupikika bila kulia. Kwa vumbi la malori tunasimama, tunageuka, tunasubiri lipite.

Maneno yalikuwepo. Mwanamke wa Kiislamu kukimbia barabarani akisukuma gari la kizungu! Mzee mmoja wa msikitini, ninayemheshimu, alimwita mume wangu kumuuliza. Mume wangu alimkumbusha kwa adabu hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini akamshinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena naye akashindwa. Mzee alicheka, akauliza kama stara inazingatiwa, akajibiwa, yakaisha. Mama mkwe wangu, Mkonongo wa Inyonga, yeye hakushawishika mpaka leo. "Mtoto husikia moyo wa mama mgongoni," huniambia, "hiki chuma kina moyo gani?" Siwezi kubishana naye, na wala sitaki. Jioni humchukua mmoja akamfunga kwa mbeleko, na yule aliyebaki hulia kwa wivu ndani ya kigari chake cha shilingi laki mbili na sitini.

Kina mipaka yake, nisije nikaonekana dalali. Masika yakikolea, kati ya Januari na Machi, udongo wa mitaa ya chini hugeuka uji, na hapo mbeleko na gambuti ndivyo vinavyofanya kazi. Mbigili hutoboa tairi bila kujali bei yake. Nimezoea kubeba viraka, gundi na pampu ndogo chini ya kiti, na fundi nimemkataza kujaza upepo kama anaojazia bodaboda, maana tairi gumu kupita kiasi hurukaruka, na kwenye mchanga huzama. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Na kijana wa bodaboda aliyenishauri tufunge kigari nyuma ya pikipiki ili nisichoke, Mwenyezi Mungu amuongoze.

Presha yangu katika kipimo cha mwezi uliopita ilikuwa 124 kwa 78, bila vidonge, kwa mwaka wa pili sasa. Daktari amesema niendelee kupima na niendelee kukimbia.

Hassan na Hussein wana miaka mitatu na hawakubali tena kufungwa mikanda. Wanataka wasukume wao. Kwa hiyo tukijaaliwa Jumamosi hii kigari kinahamia Nsemulwa, kwa mama mwenye mapacha wa kike wa miezi minne, ambaye naye alikuwa ameshaahidiwa binti kutoka kijijini. Nati ya mbele imebanwa, mikanda imefuliwa, tyubu ya kushoto ni mpya. Nimemwandikia kwenye karatasi asikimbie nacho mpaka wasichana wale waweze kukaa wenyewe, na shingo zao azikague muuguzi, siyo mashangazi.