Mzigo wa Mwenzio Si Aibu



Hapa kwetu Ng'ambo, Tabora, ukimwita mtu mpagazi anaweza kukasirika. Lakini katika karne ya 19 mji huu ulisimama juu ya mabega ya wapagazi. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 hivi kwa mtu. Mwaka 1872 Dk. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mjini, tangu Machi hadi Agosti akiwasubiri wapagazi. Bila wao safari haikuwepo.

Nayasema haya kwa sababu ya kijana wetu wa pili. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Mjomba wake aliyeko Dar es Salaam akamtafutia kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu. Jirani akaniuliza, "Mama, ndiyo mliyomsomeshea hiyo?" Baba yake naye alinyamaza siku tatu.

Nikampigia kijana simu, anieleze kazi yenyewe. Kumbe ina maandalizi! Huamka alfajiri akala vizuri, kwani kuzunguka mashimo 18 ni mwendo wa saa nne au zaidi, juani. Huhesabu fimbo za mchezaji zisizidi 14. Ikizidi hata moja, mwenyewe huadhibiwa. Hulowesha upande mmoja wa taulo kwa kufutia fimbo, hujaza maji, huangalia kama mwavuli upo. Mpira ukipigwa, macho yake huufuata mpaka utue, maana tangu mwaka 2019 sheria hutoa dakika 3 tu za kuutafuta. Mchezaji akitaka kupiga, yeye hutulia kimya, hata kivuli chake hukiondoa njiani. Mchanga uliokanyagwa huusawazisha kwa reki.

Nami nilimwongezea matatu ya kwangu. Patana ujira kabla hujaubeba mfuko. Mpira usio wako urudishe, hata kama hakuna aliyekuona ukiuokota. Na jioni, wenye mifuko wakienda kunywa, wewe nenda nyumbani.

Nilimsimulia baba yake yote hayo tukiwa mezani. Akakaa kimya, kisha akasema, "Babu wa baba yangu alifika Bagamoyo na mzigo kichwani. Tulikuwa tukijivunia." Jumapili ile alimpigia mwanawe mwenyewe, akamwombea baraka.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, anatuhimiza kusaidiana mizigo, na hapo hapo anakumbusha kwamba kila mtu ana furushi lake. Mtoto akipata kazi ya halali, mama, usianze kwa kuuliza watu watasema nini. Muulize anajiandaaje. Katika jibu lake utajua kama ulimlea.