Sponji, Manyoya na Sauti ya Mama

Leo nawaandikia kutoka Ujiji, na safari hii sina habari za mishono ya Idi wala vitambaa vipya. Nina habari ya upepo.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja alikwenda ziwani na taa zake, asubuhi mtumbwi ukarudi bila yeye. Nilikuwa na miaka sita. Mama akatulea kwa kuanika dagaa Kibirizi, na miaka yote hiyo hakuwahi kutusimulia usiku ule. Ukimwuliza anakujibu, "Mwombee baba yako," kisha anashika ufagio.

Mwaka jana mwezi wa Julai, mdogo wangu anayepiga video za harusi alinunua maiki ndefu, ile inayofungwa kwenye fimbo na kushikwa juu ya kichwa cha msemaji. Tukampeleka mama ufukweni aeleze kazi yake, wajukuu waje wamwone. Akaanza na dagaa. Halafu, bila kuulizwa, akatazama ziwa na kusimulia usiku wa baba. Alisema karibu nusu saa. Mimi nililia, yeye hakulia.

Jioni tukafungua kusikiliza. Ngurumo tupu, kama mtu anatikisa bati, na mama anachezesha midomo tu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, limelala kaskazini kwa kusini, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unalipitia lote bila kizuizi. Maiki yetu ilikuwa wazi, na hakuna aliyevaa hedifoni kusikia kinachoingia. Kosa letu wenyewe.

Nilikosa ujasiri wa kumwambia mama. Nikakimbilia cherehani.

Mdogo wangu alinieleza kwamba upepo ukigonga uso wa maiki, ile misukosuko yake ndiyo inayogeuka ngurumo. Kinachotakiwa ni kitu cha kuupunguza nguvu upepo lakini kiache sauti ipite. Nikajaribu kwanza sponji nyeupe iliyotoka kwenye boksi la televisheni. Sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nikaiweka mdomoni nikapuliza, pumzi haikupita hata kidogo. Sponji ya godoro ukipuliza pumzi inapita, basi hiyo ndiyo ya kazi hii. Fundi wa makochi alinipa vipande bure.

Nikachukua futi. Mzunguko wa maiki ulikuwa sentimita 7, nami nikakata 7, kama ninayekata mkono wa blauzi. Haikufunga! Sponji si kitambaa, ina unene. Yangu ilikuwa na unene wa sentimita 2, ikanibidi nikate 13 ndipo kingo zikakutana. Nilikata kwa wembe mpya, maana mkasi unaibana na kuipinda. Nikaishona kwa mkono, sikutumia gundi, kwa sababu gundi ikikauka inaziba vitundu. Mbele nikaweka kifuniko cha duara na kuacha nafasi ya vidole viwili kati yake na ncha ya maiki. Ubavuni maiki hiyo ina mianya ya kupitishia sauti, kwa hiyo usije ukaifunga kwa selotepu.

Tukaijaribu juu ya paa. Ngurumo ikapungua, haikuisha. Ndipo nikaenda mitumbani nikapata koti la baridi lenye kofia ya manyoya ya bandia, shilingi 3,000. Nikashona mfuko wa kuvalisha juu ya sponji, manyoya yakiwa nje. Mdogo wangu akawasha na kile kiswichi cha maiki cha kupunguza besi. Safari hii tulisikia hata adhana ya mtaa wa pili.

Sasa ilibaki kusema ukweli. Nilimwambia mama baada ya swala ya alasiri, nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilichosema nimesema. Kama upepo umechukua, umempelekea mwenyewe."

Agosti tukarudi Kibirizi, upepo ni ule ule. Mdogo wangu alivaa hedifoni. Mama alieleza jinsi ya kuwageuza dagaa kabla jua halijawa kali, na kwa nini siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Habari ya usiku ule hakuigusa, wala hatukumlazimisha. Mwishoni tu alicheka akasema, "Baba yenu alipenda dagaa wa kukaanga na ugali wa muhogo. Ukimpikia wali ananuna." Maneno hayo yanasikika safi kabisa. Nimeyahifadhi sehemu tatu.

Ile nusu saa ya kwanza nimeiandika kwenye daftari, yale ninayoyakumbuka. Sauti yenyewe haitarudi.

Dada yangu, kama mama yako yu hai, mrekodi, na usikilize kabla hamjaondoka hapo mlipo. Na kama una kipande cha sponji ya godoro, usikitupe.